Watoto wetu wanakariri dabo bondi wakati mawese yapo mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu ambacho kimenikaa rohoni muda mrefu sasa, namna watoto wanavyokariri kemia bila kuielewa. Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya darasani, ila naomba wanivumilie kidogo maana yanagusa mawese, ndizi na dagaa, yaani maisha yetu ya huku Kigoma kabisa.

Mimi nafundisha kemia sekondari na jioni nakuwa na wanafunzi wa twisheni hapa Ujiji. Ukimuuliza mtoto wa kidato cha nne kwa nini gesi ya ethilini inachangamka kwenye riaksheni, yaani inaungana na vitu vingine kwa urahisi, kuliko gesi ya ethani, wakati zote mbili ni kaboni na haidrojeni tu, anakujibu fasta bila kupepesa macho, kwa sababu ina dabo bondi, yaani kaboni zake mbili zimeshikana kwa vifungo viwili badala ya kimoja. Sawa, muulize tena, hiyo dabo bondi inafanya nini mpaka ethilini ichangamke? Kimya. Na maksi anapewa, hapo ndo shida ilipo, msahihishaji anatafuta neno dabo bondi akiliona anaweka vema anafungua karatasi nyingine, na mtoto anapanda kidato cha tano na hilo neno kichwani bila kujua lina nini ndani.

Juzi kati binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu samahani, ulitufundisha bondi mbili ni ngumu kukata kuliko bondi moja, sasa mbona yenye bondi mbili ndo inakatika haraka?" Jamani nilifurahi sana. Darasa zima likageuka kumwangalia kama amekosea kitu, kumbe yeye peke yake ndo aliyekuwa anafikiri. Na nikatazama vile vitabu tunavyotumia, vile vya maswali na majibu, hilo swali halimo hata kimoja.

Jibu lenyewe linaanzia kwenye namba. Bondi moja kati ya kaboni na kaboni inahitaji kwa wastani nishati kama kilojuli 347 kwa moli, yaani kwa fungu moja la kipimo cha kemia, ili uikate. Dabo bondi inahitaji kama 612. Ni kweli ni kubwa, binti yuko sahihi, lakini piga hesabu, kama zingekuwa bondi mbili zinazolingana nguvu ingetakiwa ifike 694 na haifiki, kwahiyo ile ya pili imeongeza kama 265 tu. Ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Alafu riaksheni yenyewe haina haja ya kukata zote mbili, inaifungua hiyo dhaifu tu na ile ya kwanza inabaki palepale inashikilia kaboni zake, molekuli haisambaratiki.

Tena siyo udhaifu peke yake, angalia na mahali ilipokaa. Bondi ya kwanza, ile wanaita sigma, elektroni zake, zile chembe ndogo zinazoshikanisha atomi, zimejibana katikati ya kaboni mbili, zimevutwa na viini vya kaboni zote mbili, kuzifikia ni kazi. Ya pili wanaita pai, elektroni zake zimetanda juu na chini ya ule mstari, ziko nje nje. Huwa nawaambia wanafunzi wafikirie daladala ya Mwandiga iliyojaa, abiria wa siti ya katikati huwezi kumgusa ukiwa barabarani, ila konda anayening'inia mlangoni yeyote anayepita anaweza kumshika mkono. Kitu chochote chenye njaa ya elektroni kikipita karibu na ethilini kinakutana na hizo za pai kwanza. Ethani haina elektroni za namna hiyo, zake zote zimefichwa kwenye sigma, na ndo maana imetulia.

Sasa chukua bromini, ile kemikali ya rangi ya kahawia nyekundu ambayo atomi zake zinatembea mbili mbili. Ichanganye na ethani gizani, hakuna kitu, rangi inabaki vilevile. Ili kitokee kitu lazima ulete mwanga mkali, na hata hapo ethani inabidi itoe haidrojeni moja ndo ipokee bromini moja, na ile haidrojeni inaondoka na bromini nyingine. Ichanganye na ethilini hata gizani, rangi inapotea hapohapo, na hakuna kilichotupwa nje, bromini zote mbili zimeingia, kila kaboni na yake. Alkani, yaani jamii ya ethani yenye bondi moja moja tu, lazima itoe ndo ipokee, alkini, yaani jamii ya ethilini yenye dabo bondi, inapokea bila kutoa. Mtoto akilielewa hili, zile riaksheni za alkini anazokariri moja moja, za haidrojeni, za klorini, za maji, za asidi, zote anaziona ni kitu kimoja, bondi ya pai imefunguka na wageni wawili wamekaa. Hata ile kanuni ya Markovnikov, Mrusi wa miaka ya 1869 huko, kwamba kwenye propini, ndugu wa ethilini mwenye kaboni tatu, haidrojeni ya asidi inaenda kwa kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi, wanafunzi wanaikumbuka kwa sababu ya usemi wa mwenye nacho huongezewa, ila ukitaka sababu inabidi urudi tena kwenye elektroni na kuuliza chaji chanya inakaa kwa utulivu kaboni ipi.

Na niseme kabisa kwamba kuhesabu mistari kwenye mchoro hakutoshi. Wapo wanaodhani kama bondi mbili inachangamka basi asetilini, gesi ambayo kaboni zake mbili zina bondi tatu kati yao, itakuwa moto zaidi kwenye kila kitu. Kwa bromini mara nyingi asetilini ni mzito kuliko ethilini, maana elektroni zake za pai zimevutwa karibu zaidi na viini. Benzini nayo, naongelea ile ya maabara siyo petroli ya bodaboda, kwenye karatasi unachora dabo bondi tatu lakini maji ya bromini hayapotezi rangi kwa benzini, kwa sababu zile elektroni zimezunguka duara lote na zimetulia humo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba dabo bondi ni sawa na kuchangamka hapo anakwama.

Sasa nije kwenye mawese, maana ndo hasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Huku kwetu kila mtu anajua mawese mabichi ni mekundu, na kila mtu anajua ukiyaweka kwenye sufuria ukayachoma kwa moto mkali muda mrefu yanatoa moshi, wekundu unapungua kidogo kidogo mpaka yanabaki ya njano ya mbali, kuna wanaopenda hivyo kwa sababu hayachafui wali na ile harufu inapungua. Nimesimama jikoni nikiangalia hiyo kazi mara nyingi tu. Ule wekundu unaopotea ni karotini, na karotini ni haidrokaboni tupu, kaboni 40 na haidrojeni 56, hamna oksijeni hata moja ndani yake, yaani ni ndugu wa ethilini kabisa ila ameunganishwa mrefu. Beta karotini ina dabo bondi 11 zimepangana moja ndiyo moja hapana, moja ndiyo moja hapana, kwahiyo elektroni zake za pai hazijabanwa kwenye kaboni mbili mbili, zimetandazwa kwenye mnyororo wote. Mnyororo mrefu wa namna hiyo unakunywa mwanga wa bluu, jicho linabaki na rangi ya chungwa na nyekundu. Ethilini yenye dabo bondi moja tu haina rangi kwa sababu mwanga inaokunywa ni wa mbali huko ambao macho hayaoni. Nyanya nayo inapata wekundu wake kwa laikopini, kaboni 40 na haidrojeni 56 vilevile, mpangilio tu umebadilika.

Kile kinachoipa rangi ndicho kinachoifanya iharibike. Dabo bondi 11 ni milango 11 ya oksijeni. Moto mkali, jua, hewa, vyote vinazishambulia, mnyororo unakatika vipande vifupi, na vipande vifupi havina rangi. Na siyo rangi peke yake inayoondoka, mwili unatengeneza vitamini A kutoka kwenye karotini hiyohiyo kwa kuikata katikati. Mawese ghafi yana karotini kama miligramu 500 mpaka 700 kwa kilo, ni utajiri mkubwa sana kwa mtoto, alafu tunauchoma mpaka uishe ndo tunamwekea kwenye chakula. Sisemi watu waache kupika wanavyopenda, nasema wajue wanachokichoma. Na wale wauzaji wa barabarani wanaopanga mawese kwenye chupa nyeupe zinazopitisha mwanga, juani kuanzia asubuhi mpaka jioni ili wenye magari waone wekundu, ninawaomba jamani wapange chupa moja ya kuonyesha na nyingine zikae kivulini, maana wanauza rangi huku jua linaila.

Mafuta yenyewe siyo haidrokaboni kamili kama karotini, kichwani yana oksijeni, lakini mikia yake ni minyororo ya kaboni na haidrojeni na dabo bondi zikiwepo zinafanya kazi ileile. Karibu nusu ya mikia ya mawese haina dabo bondi kabisa, kama asilimia 40 ina moja, na kama asilimia 10 ina mbili. Mise, yale mafuta ya kokwa za ngazi, yaani matunda ya mchikichi, yana chache sana, ndo maana watengeneza sabuni wanayapenda, sabuni yake inakuwa ngumu na povu jingi. Alizeti ana nyingi. Kwahiyo ukiacha alizeti na mise wazi sehemu moja, alizeti atachacha kwanza. Hapo pana kitu ambacho vitabu vingi vinakiruka, oksijeni ya hewani mara nyingi haianzi kwa kuipiga dabo bondi yenyewe, inaanzia kwenye haidrojeni ya kaboni iliyo jirani na dabo bondi, maana haidrojeni hiyo imelegea. Na kaboni ikiwa katikati ya dabo bondi mbili, haidrojeni yake imelegea zaidi, ndo maana mkia wenye dabo bondi mbili unaharibika mara kumi na zaidi ya ule wenye moja. Kwahiyo dabo bondi inawachangamsha hata majirani.

Dagaa wetu ni hivyohivyo. Mafuta ya samaki yana mikia yenye dabo bondi tano na sita. Nenda Kibirizi uangalie dagaa waliokaushwa vizuri kwenye chanja na kuuzwa mapema, alafu waangalie waliokaa gunia wazi stoo ya joto, wamegeuka kahawia na wana ukali ukiwaonja, siyo kwamba wameoza, ni mafuta yao yamechacha.

Kuhusu ndizi, wazee wetu walikuwa wanavundika ndizi kwenye shimo, wanafunika kwa majani, wengine wanapitisha na moshi kidogo. Ethilini ipo kwenye moshi na ndizi yenyewe inaitoa. Mwaka 1901 Mrusi mmoja anaitwa Neljubow alionyesha kwamba ni ethilini kwenye gesi ya taa iliyokuwa inapindisha miche yake ya njegere, na mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitengeneza. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba ndizi inatofautisha ethani na ethilini kuliko wanafunzi wangu. Ndani ya seli kuna protini yenye chembe ya shaba, ile shaba inashikana na elektroni za pai za ethilini na ndo taarifa ya kuiva inaanza. Pulizia ndizi ethani kutwa nzima, hazisikii kitu, hamna pai ya kushika. Asetilini inazo, kwahiyo inaweza kuidanganya ndizi ingawa inatakiwa nyingi zaidi, na hapo ndo wanapoingia wale wanaoweka mawe ya kabaidi kwenye matenga. Kabaidi ikikutana na unyevu inatoa asetilini, gesi ileile ya mafundi wa kuchomelea, ambayo ikipewa oksijeni moto wake unapita nyuzi 3,000 za selsiasi na ambayo ikibanwa peke yake kwenye mtungi inaweza kulipuka hata bila oksijeni, ndo maana inayeyushwa kwenye asetoni kwanza. Tatizo la kabaidi ya viwandani ni uchafu wake, inakuwa na aseniki na fosfini, hivyo ni sumu. Wafanyabiashara wa ndizi nawasihi, vundikeni kama zamani au wekeni ndizi chache zilizoiva katikati ya mbichi mfunike, ethilini ya hizo chache inatosha kuzianzisha nyingine.

Mifuko ya rambo nayo ni ethilini. Mwaka 1933 huko Uingereza wakemia wawili wa kampuni ya ICI, Gibson na Fawcett, walikuwa wanabana ethilini kwa presha kubwa sana pamoja na kitu kingine kabisa, wakakuta unga mweupe kama nta kwenye chombo. Bondi za pai zilikuwa zimefunguka na ethilini zimeshikana mikono maelfu kwa maelfu. Lakini angalia kilichotokea, zikishashikana dabo bondi zimeisha, kinachobaki ni alkani ndefu mno, na alkani tumeshasema imetulia, bakteria na maji hawapati pa kuanzia. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019 na mpaka leo ukichimba kidogo pembeni ya ziwa unaitoa mizima. Nikiwauliza wanafunzi iweje gesi inayochangamka hivyo itoe mfuko usiooza, wanaduwaa, ila aliyeelewa bondi ya pai anajibu bila kufungua daftari.

Majarini nitapita haraka. Sabatier, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1890 kwamba ukitumia madini ya nikeli haidrojeni inaingia kwenye dabo bondi, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1912, na Mjerumani Normann akaitumia kugandisha mafuta ya maji. Haidrojeni ikiingia nusunusu, dabo bondi nyingine zinabaki ila zimejigeuza umbo, hayo ndo mafuta ya transi ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula kwa sababu ya magonjwa ya moyo.

Ombi langu kwa walimu wenzangu na kwa wanaotunga mitihani ni moja, acheni kumpa mtoto maksi zote kwa kutaja dabo bondi. Muulizeni elektroni ziko wapi. Muulizeni nini kinafunguka na nini kinabaki. Na msiniambie shule haina bromini, najua haina, nyingi za huku hazina, na bromini yenyewe ni hatari kwa darasa la watoto 80. Nenda duka la dawa ununue pamanganeti ya potasiamu, ile ya kuoshea vidonda, na chupa ndogo ya likwidi parafini. Dukani chukua alizeti. Weka punje chache tu za pamanganeti kwenye maji mengi mpaka iwe pinki iliyokolea kidogo, usiiache nzito maana inababua ngozi na kutia madoa, na asionje mtu. Gawanya kwenye chupa mbili zinazofanana. Moja tia parafini, ambayo ni alkani tupu, nyingine tia alizeti, funga vizuri utikise kwa nguvu dakika kadhaa, uwe na subira maana mafuta na maji hayachanganyiki vizuri. Ya parafini inabaki pinki. Ya alizeti inageuka kahawia. Ile kahawia ni manganizi dayoksaidi iliyobaki baada ya kuzifungua dabo bondi. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake hahitaji kukariri tena.

Alafu ongezeni chupa ya tatu ya mise. Kwa uchache wa dabo bondi zake inatakiwa ichelewe kuliko alizeti. Mawese mabichi msiyatumie, wekundu wake utawachanganya. Walimu wa Kasulu, Uvinza, Kibondo, hata wenzetu wa Tabora, mkifanya mwandikieni mhariri mseme mise imechukua muda gani na alizeti muda gani, na kama wanafunzi waliweza kueleza kwa nini kabla hamjawaambia.

Mwalimu wa kemia,
Ujiji, Kigoma